Barua za Kuhama za Mchungaji Elof

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa haijapita hata miezi miwili. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Mimi nina miaka kumi na sita na wewe una wiki kumi na tisa, lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja. Kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na mama mdogo ana haki ya kukushauri kama mtu mzima yeyote. Siku ya ubatizo wako, baada ya chakula, kila mkubwa atasimama akutolee nasaha. Mimi nikisimama mbele za watu sauti inakwenda zake, nabaki nimefungua mdomo kama samaki. Ndiyo maana zangu naziandika hapa, kwenye daftari langu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Alhamisi iliyotangulia mama yako, Dada Asimwe, alikuwa ametuambia mezani kwamba baba yako amepata kazi Perth, na mnahama wote watatu. Perth ni upande wa pili wa nchi hii, mwendo wa saa tano kwa ndege kutoka hapa Sydney. Wengine walisema hongera. Mimi nikasema, "Basi tafuteni mtu mwingine awe mama wa ubatizo. Mimi sitaki." Nikaenda chumbani nikafunga mlango. Kwa mtu asiyesema sana, nilikuwa nimesema mengi.

Inabidi ujue dada yangu ni nani kwangu. Tulipotoka Bukoba nilikuwa na miaka tisa, naye alikuwa ndiye mdomo wangu. Shuleni aliniombea ruhusa, dukani aliniagizia chipsi. Hata alipoolewa akahamia Blacktown, kutoka kwetu Doonside ni kituo kimoja tu cha treni. Nilikuwa nimezoea kwamba maneno yangu yako kituo kimoja mbele. Sasa yanapelekwa Perth!

Turudi kwenye Jumamosi. Shuleni tulikuwa tumepewa kazi ya kuandika maisha ya mmoja wa wazee waliotutangulia katika ukoo. Mimi nilimchagua Elof, babu wa babu yake Baba. Sababu yangu ya kwanza, nakiri, ni kwamba amekwisha kufa, kwa hiyo sikuhitaji kumpigia simu. Baba ni mtu wa hapa hapa Sydney, alikwenda Bukoba kufundisha useremala akamwoa Mama, na tangu tukiwa wadogo alikuwa akitusimulia habari za Elof. Alikuwa kijana wa Kiswidi aliyekuja kwa meli, akawa mchungaji wa Kilutheri wa Waswidi wenzake waliohamia huku, akajenga makanisa matatu. Makanisa matatu, mwanangu! Nilikuwa tayari nimeandika sentensi hiyo kabla ya kutafuta kitu chochote.

Bibi, mama yake Mama, aliyetufuata huku miaka minne iliyopita, ndiye aliyenisindikiza hadi mjini, kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za kanisa. Mama wa pale alituambia tunawe mikono kabla ya kugusa vitabu. Bibi akajisugua mpaka kwenye viwiko.

"Kwani tunapasua mtu?" akaninong'oneza. Bibi huniita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mke mwenza, nawa vizuri, mgonjwa wetu ni mzee."

Tuliletewa boksi moja tu. Ndani mlikuwa na daftari la washarika na kitabu kingine cheusi, kinene. Nilitafuta makanisa matatu. Sikuona hata moja. Walikuwa wamekodi ukumbi, Jumapili mchana tu. Mwanzoni majina ya washarika yalijaza kurasa nne. Kisha watu wakaanza kuondoka, wengine kwenda Queensland kukata miwa, wengine migodini, wengine kurudi kwao. Mwisho yalibaki majina matano.

Kile kitabu kinene kilikuwa nakala za barua. Msharika alipohama, mchungaji alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa mchungaji wa aendako, naye Elof kila barua aliinakili kwa mkono. Nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mtu aliyejifunza ukubwani, kama cha Bibi. Kwa hiyo nilielewa. Nilisoma chache, nikazipiga picha zote, nikafunga kitabu.

"Bibi," nikasema, "huyu hakujenga chochote. Kazi yake ilikuwa kuaga watu. Wote wamemkimbia. Mimi nitaandika makanisa matatu hivyo hivyo, nani atakuja kuangalia?"

Bibi akamrudishia yule mama boksi, tukaondoka. Tukaketi kwenye treni ya kurudi. Hapo akafungua mkoba wake, akatoa ile bahasha ya nailoni anamoweka pasipoti, na ndani yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Unaijua hii?"

Ilikuwa barua yake ya uhamisho, kutoka usharika wake wa nyumbani. Nikaisoma. Ilikuwa na jina lake, mhuri, na maneno manne: *Ni msharika. Amehama kwetu.*

"Bibi, miaka minne hujaipeleka kanisani?"

"Niipeleke iseme nini? Nimeimba kwaya pale miaka thelathini. Nilipomwambia mchungaji naondoka, akasema njoo kesho. Kesho akasema njoo Jumatatu. Mwisho akaniandikia hiyo, bila kuniangalia usoni. Simlaumu, alikuwa na uchungu, kwaya yake ilikuwa inaondokewa. Lakini mimi nimevuka bahari na karatasi isiyonijua. Hapa naketi benchi la nyuma, hakuna anayejua kama huyu bibi anaimba au anapiga miayo."

Kisha akaniambia nimsomee zile za Mswidi. Nikafungua simu, nikaanza kumtafsiria, kwa sauti ndogo ya kwenye treni.

"*Ndugu mchungaji, Per fundi viatu anakuja kwenu. Hasikii vizuri lakini atajifanya anasikia. Mketisheni mbele bila kumwambia kwa nini.*"

"Haya," akasema Bibi.

"*Mjane Brita anagombana na kila mtu mwezi wa kwanza. Mvumilieni mpaka wa pili. Wa tatu mtashangaa mliishije bila yeye.*"

Bibi akacheka mpaka mtu wa kiti cha mbele akageuka.

"*Karin ana sauti nzuri, lakini ukimwangalia ananyamaza. Tafadhali msimwangalie. Ataimba.*"

Hapo nikairudia kwa macho, mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeipita ile barua kule ofisini kama vile naipita orodha ya sokoni.

"Sasa nisikilize," Bibi akasema, na safari hii hakuniita mke mwenza. "Huyo mtu kila wiki alikuwa ananyang'anywa watu wake. Na kila aliyeondoka alimpa karatasi ya kumfungulia mlango wa mbele. Ukumbi wake unazidi kuwa mtupu, na bado anakaa chini kuandika uzuri wa mtu anayemwacha. Unajua hiyo inataka moyo wa namna gani? Mchungaji wangu, mtu wa Mungu kabisa, alishindwa. Na wewe dada yako umemwandikia nini? Umemwandikia 'sitaki'."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele za watu, kwenye treni, mimi ninayeona haya hata kupiga chafya.

"Futa uso," Bibi akasema akinipa kanga yake. "Watu watadhani nimekupiga, na hapa ukipiga mtoto wanakuja na gari."

Tulipofika Blacktown nikasimama.

"Nyumbani bado," Bibi akasema.

"Najua."

Mama yako alifungua mlango na wewe ukiwa begani kwake, umemchafulia maziwa mgongo mzima.

"Umekuja kugomba au kula?" akaniuliza.

"Kula." Kisha ikanibidi niseme na lingine, na hapakuwa na mtu wa kunisemea. "Na kuomba msamaha. Mama wa ubatizo mmeshampata?"

"Tumtafute wapi? Tulikuwa tunangoja umalize kununa." Akanitupia wewe mikononi, akamgeukia Bibi. "Shikamoo Bibi. Huyu umemfanya nini huko mjini?"

"Marahaba. Mimi? Mimi nimemnawisha mikono tu."

Jumapili ile, kabla ya ibada, nilimtumia mwalimu wa kwaya ujumbe kwa simu. Kumfuata nisingeweza. Nikaandika: *Bibi wa benchi la nyuma mwenye kilemba cha kijani anaimba sauti ya pili. Ameimba miaka thelathini. Atakataa mara ya kwanza, muulize tena.* Alikataa mara ya kwanza. Sasa yuko mstari wa mbele na anawasahihisha wenzake.

Baba nilimwambia kwamba hakuna makanisa matatu. Aliumia kidogo, nikaona. Kisha akaomba nimsomee barua ya Karin, na nilipomaliza akaomba niirudie. Nikampa simu aendelee mwenyewe, naye ndiye aliyefika mwisho wa kitabu. Akaniita, akanionyesha. Barua ya mwisho kabisa haikuwa na utani wowote. *Ndugu mchungaji, huyu ni binti yangu. Leo siwezi kuandika zaidi. Mpokeeni.*

Ndiyo hiyo niliyoiweka mwishoni mwa kazi yangu ya shule. Makanisa nimeyafuta. Namheshimu Elof sasa kuliko nilivyomheshimu akiwa na makanisa yote matatu, kwa sababu jengo lingemtaka awe na mawe, lakini kila barua ilimtaka amtazame mtu vizuri, halafu amwachie.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Utaachwa na watu uwapendao, na wewe utaacha watu. Atakayeondoka usimnunie hadi akose cha kubeba. Kaa chini, kumbuka uzuri wake, uuseme kwa watu wa aendako, hata kama wewe unabaki na ukumbi mtupu. Na ukimwona mtu kwenye benchi la nyuma, usidhani hana sauti. Huenda aliyemwandikia alikuwa na hasira. Ukiona haya kama mimi, andika. Kuandika nako ni kusema.

Mungu akulinde angani na barabarani. Akupe meno bila homa, marafiki wasiokuchoka, na Kiswahili cha kutosha kulisoma daftari hili. Ukikua uje Doonside, chumba nitakugawia.

Na barua yako hii hapa. Nimeinakili kwenye daftari, kama alivyofanya Elof, na nakala safi nimempa mama yako awapelekee.

*Kwa mchungaji na washarika wa Perth. Huyu ni Neema. Kofia hapendi, msihangaike. Akilia msiimbe, mshikeni unyayo wa kushoto, atatulia. Mama yake ni Asimwe. Anacheka kwa sauti kubwa hata akiwa amechoka, kwa hiyo msidanganyike, siku moja moja mpelekeeni chakula. Huwasemea watu wasioweza kujisemea. Mtu kama huyo mara nyingi hana wa kumsemea yeye, basi namsemea mimi. Alikuwa mdomo wangu miaka saba. Leo naweza kuandika zaidi, lakini karatasi imekwisha. Wapokeeni.*