Nafasi ya Dole Gumba

Nelima Khisa akikuambia ukurasa wa arobaini na mbili haujapigwa nambari, usibishane naye. Hesabu tu, utakuta ni kweli. Mimi ni Mulei, niko na duka la kuchapisha na kushona karatasi hapa Kitengela, na kwa miaka saba huyu mama amenitesa vizuri sana.

Ni mtu wa Bungoma, wengi wanamwita Mama Nasike, amepanga nyumba ploti ya nyuma yangu. Ni ofisa wa tenda kwa kampuni fulani ya mafuta na gesi iliyo na matangi nje ya mji wa Kajiado. Ukitaka kuuzia hiyo kampuni kitu chochote, yawe mabomba au maandazi, lazima ujaze karatasi alizoandaa yeye.

Zamani karatasi hizo zilikuwa za aina tisa, kila meneja na zake. Huyu anataka nakala tatu, yule nne, mwingine anataka bahasha ndani ya bahasha. Watu walikuwa wanakosa kazi kwa mambo ya kijinga, na tenda moja inakaa miezi minane. Nelima alikuwa anakasirika hadi anashindwa kula. "Mulei, huu ni upuzi! Fomu moja. Moja tu, kwa kila mtu!" Aliipigania miaka miwili mpaka wakubwa wakakubali. Niko na hasira naye, lakini nitasema ukweli: kwa hilo alikuwa sawa.

Alichukua ile fomu ya mabomba, kwa sababu ndiyo ilikuwa imenyooka kuliko zote, akaitumia kwa tenda zote. Sasa, fomu ya zamani ya chakula ilikuwa na kisanduku kidogo chini ya kila ukurasa: dole gumba, na jina la shahidi. Ya mabomba haikuwa nacho. Nani wa mabomba anatia dole? Nelima hakukumbuka kukihamisha. Niliichapisha mimi, na mimi pia sikuona kitu.

Resian na akina mama sita wa Ewuaso Kedong ndio walikuwa wanapikia wafanyakazi wa matangi. Walikuwa na kampuni yao ndogo, wakurugenzi saba, na watatu kati yao hawajawahi kushika kalamu. Kiangazi kilipomaliza ng'ombe, ni kazi hiyo iliwashikilia. Walileta tenda yao mpya kwangu niishone. Kokoo Naserian, mmoja wa hao watatu, mama mkwe wa Resian, nyanya wa miaka themanini, alitia dole ukurasa kwa ukurasa, kurasa sitini na nne, anapuliza wino ukauke, anapangusa kidole kwa shuka. Nilimsalimia, "Takwenya," akaitikia, "Iko," bila kuinua kichwa. Nikaishona na furaha, mjinga mimi.

Siku ya kuchambua tenda, fomu ilisema wazi: kila mkurugenzi atie sahihi ya kalamu kila ukurasa, la sivyo tenda imeanguka. Hakuna mtu aliuliza kama akina mama wanajua kupika. Nelima alikuwa kwa hiyo meza. Angesema, "Ngojeni, hili ni kosa langu," tenda ingetangazwa upya. Lakini wiki hiyo hiyo wakubwa walikuwa wanataka kumfanya mkuu wa tenda, kwa sababu ya hiyo fomu. Alinyamaza. Alikuja kuniambia mwenyewe, amekaa kwa kiti changu cha plastiki, macho mekundu.

"Nitarekebisha toleo lijalo," akasema.

Toleo lijalo! Tenda ni ya miaka minne. Jamani, Kokoo Naserian ako na miaka minne ya kungoja?

Jumanne iliyofuata Resian alimkuta hapo hapo dukani. Alikuwa na ile barua ya kukataliwa, imekunjwa mpaka imechoka.

"Mama Nasike, wewe ndiye mtu wetu huko ndani," alimwambia. "Najua ulitutetea. Sasa tuandikie barua ya kulalamika. Huyo mtu aliyeondoa nafasi ya dole, wakubwa wamjue."

Siku za kulalamika ziko ndani ya ile fomu, ukurasa wa hamsini na nane, kwa herufi kama sisimizi: siku kumi na nne. Nakala ya akina mama ilikuwa imebaki kwa kampuni, lakini mimi hizo kurasa nimezichapisha mara ngapi? Niliangalia tarehe ya barua. Ilikuwa siku ya tisa.

Nelima alisoma barua, akaisoma tena, akairudisha.

"Pole sana, dada. Siku za kulalamika zimeisha. Ziliisha jana."

Resian alisimama hapo, anakunja barua yake polepole.

"Ashe oleng," akamshukuru. "Angalau wewe umetuambia." Kisha akanigeukia mimi. "Mulei, wewe ndiye unashona hizi vitu. Ni kweli zimeisha?"

Nelima alikuwa ameinamisha macho. Kazi nyingi ya duka hili inatoka kwake, na kesho yake alikuwa anakuwa mkubwa.

"Ndio, mama," nikasema. "Zimeisha."