Daraja Jipya la Baiskeli, na Mimi Nakokota

Jamani, nishaurini haraka, heshima imeniponza!

Leo daraja la zamani la treni hapa Kilosa limefunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Nikasema leo nyanya zangu zinawahi sokoni.

Kumbe wazee wote wamekuja kulijaribu.

Na huku kwetu mzee humsalimii ukiwa juu ya baiskeli.

Nashuka. "Shikamoo." "Marahaba." Napanda. Mwingine huyo!

Mwishowe nikaamua kukokota tu.

Ng'ambo, babu mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona unakokota? Pancha?"

Sijui nilichanganyikiwaje, nikajibu, "Ndiyo, babu."

Hapa ninapoandika ameshafungua tairi, anatafuta tundu ambalo halipo.

Ameniomba nimshikie fimbo.

Namwambiaje?