Makapi ya Otilia Uwanjani

Saa nne asubuhi, Otilia Felisian amesimama kandoni mwa uwanja wa ndege wa Sumbawanga, ungo mkononi.

"Hapa haitui ndege bila mimi," anasema. Anafikiri kidogo. "Labda zile zinazotua nikiwa nimesinzia."

Ni kiangazi cha mwaka 1994. Majani yote yamelala upande mmoja, kama manyoya ya paka anayepapaswa. Upepo unaikata njia ya ndege ubavuni.

Otilia, 58, anafyeka majani na kufukuza ng'ombe uwanjani kwa shilingi elfu tisa kwa mwezi. Zamani alishona magunia katika ghala la umma. Biashara ilipofunguliwa, ghala likafungwa.

"Wakaniambia nimepunguzwa," anasema. "Nikajitazama kwenye kioo, mbona unene ni uleule."

Siku hizi wanunuzi wa mahindi wanakuja kwa ndege ndogo. Mwezi wa sita rubani wao, Kapteni Kasimiri, alishuka na upepo mkali, akakuta mlingoti mtupu. Ule mfuko wa kitambaa cha mistari unaowaonyesha marubani upepo unakoelekea haukuwapo. Magurudumu yalipogusa tu, upepo ukainua bawa moja, ukausukuma mkia, ndege ikamponyoka rubani na kuingia shamba la ulezi. Akateguka bega.

"Mfuko ulichukuliwa na upepo," anasema Otilia, macho yako mbali. "Saa hizi uko Mtowisa huko, bondeni."

Tangu siku ile, bila kutumwa na mtu, kila akisikia ndege huja na ungo wa makapi ya ulezi. Amepeta kwa upepo huu tangu utoto. Anaujua kwa shavu.

Mlio unasikika, mdogo, kama nyuki ndani ya kibuyu. Otilia anarusha. Makapi yanapaa, yanameremeta, yanavuka njia taratibu, hata unadhani ni uwanja unaoelea.

Kapteni ameyaona. Anakuja pua ikiuelekea upepo, ubavu ubavu, kama mbwa anavyokimbia. Ndege inayumba.

"Polepole, mwanangu," Otilia ananong'ona.

Karibu na ardhi rubani ananyoosha pua, anainamisha bawa la upande wa upepo. Gurudumu moja linagusa. La pili linafuata. Ndege inakwenda, imenyooka.

"Shikamoo, mama," anasema Kapteni akishuka.

"Marahaba. Bega je?"

"Linavuta kukiwa na baridi."

Otilia anatazama chini. Kisha anaeleza ndoto yake: kupanda ndege mara moja tu, aione Ufipa ilivyo kutoka juu, pana kama ungo.

"Na wakubwa walete mfuko mwingine," anaongeza. "Ule upepo uliuchukua hadi Mtowisa, nilikuwa naangalia kwa macho yangu haya."

Upepo unavuma. Khanga yake inapeperuka hadi magotini, na chini yake linaonekana gagulo zuri, mistari myeupe na ya rangi ya chungwa, limeshonwa kwa mshono wa gunia.

Kapteni analitazama gagulo. Anautazama mlingoti. Anajishika bega.

"Mama Otilia," anasema, "kumbe Mtowisa ni hapa hapa."