Kosa Nililolificha Darasani

Nakumbuka Alhamisi moja ya baridi, mwanangu, katika ile miaka ya korona ambapo wewe hukuwa umezaliwa. Nilikuwa kijana, nina magoti mazima na kichwa kigumu. Kazi yangu ilikuwa kuwakinga watu na maporomoko ya theluji, kule milimani kusini, mbali na Sydney kwa saa nyingi za gari. Usicheke. Mtoto wa Bukavu naye anaweza kuijua theluji, ilimradi akubali kufundishwa, na hapo ndipo penye kisa changu.

Nilikuwa nimeshuka Guildford, mtaa wa Sydney, kumwona mama yangu kwa siku mbili tu. Kabla sijarudi, mji ukafungwa, nikakwama naye ndani. Basi darasa letu la kila wiki nikawa nalifuata kwenye kompyuta, mezani jikoni, huku Mama akipika sombe, majani ya muhogo, nyuma yangu.

Darasa lile lilikuwa na desturi yake. Mzee Colin, mwalimu wetu, hakuanza somo mpaka kila mmoja ataje kosa alilolifanya tangu tuonane. Wakongwe wa kazi walitaja, na wageni walitaja. Alisema theluji haimfundishi mtu mmoja mambo yote. Kila mtu hupewa kipande chake, na anayekificha anawapunja wenzake.

Mimi nilikuwa nacho kipande, tena kikubwa. Asubuhi niliyoondoka milimani, upepo ukiwa umevuma usiku kucha, nilitakiwa kuchimba shimo kwenye mteremko fulani na kukagua matabaka ya theluji kabla watu hawajaruhusiwa kupita. Sikuchimba. Nilijiona nimeshajua. Nikakanyaga ukingoni, na bamba la theluji pana kama uwanja wa kanisa likakatika mbele ya viatu vyangu, likaporomoka hadi kijitoni. Hakuna aliyeniona. Nikaandika kwenye kitabu cha zamu kwamba nimekagua na ni salama, nikapanda gari. Dhoruba ikaufunga mlima siku zile, theluji mpya ikafunika alama zote. Nilipofika nyumbani nilimsimulia Mama, tena kwa kujitapa, jinsi Mungu alivyoniponya.

Siku hiyo ya darasa, binti aliyeshika zamu yangu, jina lake Tess, akasema dhoruba imekwisha na kesho asubuhi ataufungua mteremko ule, maana kitabu kinasema ulikaguliwa. Zamu yangu ya kutaja kosa ikafika. Nikasema wiki hii sina.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, na kifo kilikuwa kinamwendea mwenzangu.

Mama aliweka mwiko chini. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na tayari alikuwa amevaa sare ya zamu ya mchana. Kiingereza alikielewa vizuri kuliko nilivyodhani. Alinyoosha mkono akazima kipaza sauti changu.

"Mtoto yangu," akasema, "kwetu ku kazi kulikuwa dada moja alificha kikohozi. Hakukuwa mubaya. Aliogopa tu manager. Wazee mbili walikufa, mie ndiye niliwafunga macho."

Hakuwahi kuniambia habari hiyo. Siku zote zile alikuwa akirudi, anaoga, anapika, ananiuliza kama nimekula. Akaitazama ile sura ya Tess kwenye kioo cha kompyuta.

"Ule Tess, iko na mama?"

"Yes, Mama."

"Basi ongea."

Nikawasha kipaza sauti, nikaongea, na sikuficha kwamba ni Mama aliyenisukuma. Machozi yalinitoka, sioni haya kukuambia. Nilingoja kufukuzwa. Mzee Colin aliniomba nianze upya, polepole, ili kila mtu achore: upepo ulitoka wapi, nilisimama wapi, theluji ilikatikia wapi. Hakunisifu wala hakunifokea, ila alisema kitabu kile nitakisahihisha kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipomaliza, mkongwe mmoja wa kazi akasema naye analo lake la msimu uliopita, hajawahi kulisema.

Kesho yake Tess alichimba. Chini alikuta chembe zisizoshikana, kama sukari, na juu yake mzigo wote wa dhoruba. Hakuufungua mteremko. Siku ya pili yake uliporomoka wenyewe, wote, bila mtu chini yake. Tess alinipigia simu mchana, na wala hakunitaka mimi. Alimtaka Mama. Walizungumza muda mrefu, Mama akimwita darling, nami nikaenda chumbani kulia tena.

Mwanangu, unaanza kazi, na vyeti vyako nimeviona, vinapendeza. Lakini elimu haina mwisho, na sehemu yake kubwa haimo kwenye vyeti. Imo kwenye makosa ya wenzako, na yao imo kwenye makosa yako. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, na ukijikwaa, sema jiwe liko wapi, maana nyuma yako kuna mtu anakuja. Usingoje uulizwe mara mbili. Na mwenzako akisema lake, msikilize bila kumcheka, ili kesho asiogope kusema tena.

Mungu akujalie mwalimu asiyekuaibisha, wenzako wasiokuficha, na nyumbani akuwekee mtu anayekupenda kiasi cha kutokukunyamazia.