Bi Hussni Ndani ya Sauna

Bi Hussni, mshonaji aliyezaliwa Malindi na kuhamia mji wa baridi wa Brooklyn Park, ughaibuni, alichoshwa na baridi ya Januari hata akajifungia kwenye sauna, chumba cha joto kali, ya jengo lao. Binti yake Fathiya, mwanafunzi wa biolojia, akamfuata mbio.

"Mama, toka, utaiva!"

"Niache, nimefika kwetu."

Fathiya akacheka, akamweleza kwamba joto likizidi, seli huunda protini zinazozishika protini nyingine zisijikunje ovyo. Dalili zake za kwanza ziligunduliwa kwa bahati tu, kabati la nzi wa maabara lilipopandishwa joto kimakosa. Baadaye zikaonekana kwa mamalia, sisi tukiwemo.

"Kumbe nina mafundi ndani!" alisema Bi Hussni, jasho likimtiririka. "Basi waongezee kazi kidogo."

Fathiya akaongeza joto, akavua koti, akaketi kando yake.