Tulivyoizeesha Jinzi Mpya Ziwani

Enzi zetu pale Kirumba, Mwanza, nguo mpya ilikuwa aibu. Vijana wa leo watadhani nimekosea kuandika, lakini nyie mliokua wakati ule mtanielewa. Nguo ya maana ilikuwa ya mtumba. Jinzi ya mtumba ilikuja imepauka magotini, imelainika, ina ile harufu ya belo la mitumba lililofunguliwa asubuhi, na hapo ndipo ulipojua kwamba ni orijino, imetoka Ulaya, Mzungu ameivaa mpaka akaichoka. Jinzi ya dukani, yenye rangi kali na mikunjo ya kiwandani, ilikuwa feki. Hata ungeapa vipi, ilikuwa feki tu.

Tulikuwa na wataalamu wetu. Kuna waliokunusa. Kuna waliokukunja kiuno kusoma maandishi ya ndani, ingawa hakuna hata mmoja aliyejua yameandikwa kwa lugha gani. Wakishakuhukumu, jina lako lilibadilika mpaka shule ifunguliwe.

Mama yangu alikuwa anauza dagaa soko la Mwaloni. Nguo zetu zote zilitoka kwenye mtumba, za kwake, za kwangu na za mdogo wangu, na mimi nilidhani ni kwa sababu ana jicho zuri. Mwaka niliomaliza darasa la sita, wiki mbili kabla ya Krismasi, alirudi jioni na mfuko wa duka la mjini. Ndani kulikuwa na jinzi. Mpya, ya bluu nzito kama wino, ngumu kama kadibodi.

"Jaribu," alisema. Akasimama mlangoni ananiangalia, mikono ameiweka nyuma. Mikono ilikuwa na magamba ya dagaa na hakutaka kuigusa ile suruali.

Nikavaa. Nikasema asante mama. Moyoni nilikuwa nalia.

Kesho yake nilimwonyesha Kulwa, jirani yetu, ambaye shangazi yake alikuwa muuza mitumba na kwa hiyo yeye alijiona kama daktari. Aliisimamisha jinzi ukutani. Ikasimama.

"Krismasi, iache iende kanisani yenyewe," alisema. "Wewe utaikuta huko."

"Tufanyeje?"

"Tuizeeshe. Siku tatu tu, itakuwa ya Ulaya."

Mama akiwa sokoni, tukaipeleka ziwani, kwenye mawe. Mwanza mawe hatujawahi kupungukiwa. Tulianza na jiwe la kusugulia miguu, lile la mama mwenyewe, tukasugua mapaja mpaka mikono ikavimba. Tukaifukia kwenye mchanga wenye maji, tukaikanyaga. Tukaipaka ndimu, tukaianika juani. Jinzi haikupauka, ila rangi ilihamia kwetu. Mikono ilikuwa ya bluu. Kulwa alijikuna usoni, akawa na shavu la bluu, na kwao aliwaambia ameanguka.

Siku ya pili akasema kosa letu ni kuifanyia kazi ikiwa tupu. "Nguo inazeeka na mtu ndani." Kwa hiyo tukapokezana kuivaa na kuteleza nayo kwenye jabali kubwa, kutoka juu mpaka kwenye maji, kwa makalio. Nasema kweli, sijawahi kucheka vile tena maishani. Wanawake waliokuwa wanafua walitupigia kelele, "Nyie watoto, mama zenu wanajua?" Tukajibu, "Shikamoo!" tukateleza tena. Jioni makalio ya jinzi yalikuwa meupe, goti moja limetoboka, na mimi nilikuwa silali chali.

Ikabaki harufu. Mtumba lazima unuke mtumba, alisema Kulwa, na harufu ile inatokana na kubanwa kwenye gunia. Shangazi yake alitunyima gunia. Kwetu magunia yalikuwepo. Tukaishindilia humo, tukaweka mawe juu, ikalala humo. Asubuhi tukaianika.

Mama aliikuta kwenye kamba siku ya tatu. Aliiangalia mbele, akaigeuza nyuma.

"Nani amefia ndani ya suruali hii?"

"Nimeifua tu, mama," nilisema. "Mara moja."

Huo ndio uongo wenyewe. Nimekaa nao miaka mingi, nauandika hapa kama ulivyotoka.

Mama hakuwa mtu wa kuonewa. Alifunga kitenge, akaikunja jinzi, akanishika mkono mpaka mjini. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, mwenye miwani. Mama alimbwagia ile suruali mezani mbele ya wateja. Alisema amemuuzia takataka. Alisema hata mbwa wa mzee huyo angeikataa. Alisema yeye ni mjane anayeamka alfajiri na mtu mzima kama huyo haoni haya kumwibia. Wateja wakaanza kuguna, mmoja akarudisha shati alilokuwa ameshika.

Yule mzee alichukua jinzi, akaipapasa, akainusa. Akatia vidole viwili kwenye mfuko wa nyuma, akatoa kitu, akakiweka mezani taratibu.

Dagaa. Mzima, amekauka vizuri, na macho yake.

"Mama," alisema, "huko kiwandani sidhani kama wanatia dagaa mfukoni."

Duka zima likacheka. Mama hakucheka. Aliniangalia, akaangalia mikono yangu, ambayo bado ilikuwa ya bluu kwenye kucha. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya kwa mtu yeyote. Alipiga magoti kidogo, mbele ya watu wote, akasema, "Nisamehe baba. Nimekukosea."

Tulirudi Kirumba kwa miguu. Nilikuwa nangoja fimbo. Ningeipokea kwa furaha. Karibu na uwanja wa mpira ndipo aliposema, na wala hakupandisha sauti.

"Mimi tangu nizaliwe navaa nguo za watu. Nilitaka na wewe, hata mara moja, uwe mtu wa kwanza ndani ya nguo."

Akanibebesha ile jinzi.

"Umetaka ya zamani. Sasa utaivaa mpaka iwe ya zamani kweli."

Niliivaa Krismasi ile, goti nje. Wataalamu walinusa, wakasema ni orijino kabisa. Haikuniletea raha hata kidogo. Niliivaa mpaka nikamaliza darasa la saba, mpaka ikawa kaptula, mpaka ikanikataa kiuno. Baadaye sikuiona tena, na wala sikuuliza.

Mama tumemzika mwaka huu. Neema, binti wa dada yangu mdogo, alikuja msibani na jinzi iliyochanwa magoti yote mawili, ameinunua hivyohivyo dukani Buzuruga, mpya. Shangazi zake walimfunga khanga haraka wakimpa pole, wakidhani ameanguka kwenye pikipiki. Siku hizi kiwandani kuna watu wameajiriwa kusugua kama sisi, tena bila kuteleza. Kazi yetu ya siku tatu wanaifanya kabla ya chai, na hakuna anayengoja fimbo.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu tulikuwa jikoni kwake. Neema akachukua vile vitambaa viwili vya kushikia sufuria, ambavyo mama alivitumia miaka yote na mimi nilivishika mara nyingi bila kuvitazama. Akavigeuza kwenye mwanga. Kimoja kilikuwa bado na mfuko wa nyuma.

"Mjomba, hii jinzi ni kali! Wameipauzaje hivi?"

Ilikuwa rangi ileile tuliyoitafuta kwa jiwe na ndimu. Bluu iliyotulia, kama ziwa asubuhi kabla ya upepo. Nikatia vidole mfukoni, sijui nilitegemea nini. Palikuwa patupu.

"Ilivaliwa," nikamwambia.

"Na nani?"

"Wa kwanza nilikuwa mimi."