Nafasi Moja ya Mstaafu

Mtaani walimwita Mstaafu, na jina lilimkaa barabara. Alikuwa na miaka sita tu, lakini alitembea mikono nyuma na tumbo mbele, akasimama kwenye kila geti kulikagua, kama mzee aliyefunga kazi na sasa hana haraka na mtu. Salamu hakuitikia. Ukimwita hageuki. Wapita njia walisema mtoto huyu ana maringo, na bibi yake, ambaye hajawahi kukosa la kujibu tangu azaliwe, akawaambia, "Amechoshwa na maneno yenu." Daktari alisema ni usonji. Alilitamka neno hilo polepole, kisha akasogeza kisanduku cha karatasi laini karibu na mama wa mtoto ili alie vizuri. Mama akauliza kama wanaweza kwenda, maana kuna mteja anakuja kuchukua nguo.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Ukimletea kola iliyochanika hakuhitaji kuuliza mtoto anasoma wapi. Alijua shule inayotaka marinda mapana, inayotaka kaptura ifike gotini, na ile yenye mwalimu mkuu anayepima pindo kwa rula utadhani anajenga nyumba. Amewavalisha watoto wa mji mzima. Wa kwake alikaa chini ya meza ya kukatia, akipanga vifungo kwa ukubwa, akivivuruga, akivipanga tena.

Mtu angedhani mama huyo alikuwa na huzuni. Huzuni angalau ingemshughulisha. Yeye aliamka, akakanyaga pedeli, akapika, akalala, na katikati ya hayo yote hakusikia chochote. Alikuwa amekufa ganzi, na hakuona sababu ya kumsumbua mtu kwa jambo hilo.

Washauri hawakukosekana. Kila mteja aliyekuja kupimwa alikuwa na shule yake mfukoni. "Fundi, kuna shule moja huko, mtoto wa shemeji yake rafiki yangu aliingia bubu akatoka anahutubia." Ajabu ya shule hizi ni kwamba anayezisifu hana mtoto wa kupeleka, na ukimwomba akuelekeze anaanza kukuna kichwa. Fundi aliitikia "ndiyo, ndiyo" huku pini ziko mdomoni, akaendelea kupima kiuno.

Alianza na shule ya pale mtaani. Alimshonea Mstaafu shati bila kola, kwa sababu kola ilimfanya ajikune mpaka damu, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kabla ya mapumziko ya kwanza mwalimu alimrudisha mwenyewe dukani, amemshika mkono. Alikuwa kijana mwenye adabu, na jasho lilimtoka.

"Mama, sina ubaya naye," alisema. "Ila darasa limejaa mpaka mlangoni. Kengele ilipolia alipiga kelele, wengine wakaanza kulia naye. Sikujua nimshike yeye au niwashike wao."

"Sawa, mwalimu."

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa." Na alikuwa amemwelewa kabisa. Ndiyo maana hakuwa na la kumlaumu.

Shule ya pili ilikuwa na kibao kikubwa kilichochorwa watoto wanaocheka. Ndani kulikuwa na chumba kimoja, televisheni inanguruma, na mlango una komeo kwa nje. Watoto walikaa kwenye mkeka. Fundi aliangalia kile anachokijua, akaona mikono ya mashati yote imetafunwa mpaka nyuzi zinaning'inia, na hakuna aliyejishughulisha kuipinda. Mwenye shule alitabasamu muda wote.

"Hapa wanatulia sana," alisema.

"Wanajifunza nini?"

"Wanatulia, mama."

Fundi akashukuru, akamchukua mwanawe, wakaondoka. Njiani alisubiri hasira zije. Hazikuja, akanunua uzi mweusi na kurudi kazini.

Ikabaki shule ya tatu, upande wa pili wa mji. Hiyo haikuwa na kibao kikubwa, lakini wazazi wawili wasiofahamiana walimweleza habari zilezile. Madarasa ni madogo, watoto wanafundishwa kuomba wanachotaka kwa picha au kwa ishara, na mwalimu mkuu anajua kazi yake. Fundi akapiga simu. Nafasi ilikuwa imebaki moja, na watoto wanaoitaka ni wengi. Mwalimu mkuu angependa kumwona mtoto kwanza.

Sasa hapa lazima nieleze ufundi wa familia hii, maana bila huo mambo yaliyofuata hayana maana. Kumtoa Mstaafu nje ya nyumba ilikuwa kazi ya watu watatu. Baba yake, aliyekuwa mpaka rangi wa nyumba, alitangulia kukagua kama kuna mbwa, jenereta au spika, akirudi na ishara ya kidole. Bibi alikaa ubavuni. Mtu mzima akimsalimia mtoto, bibi alijifanya anainama kumfunga kamba ya kiatu, na kutoka huko chini ikasikika "shikamoo" ya sauti nyembamba, tamu kabisa, na mzee wa watu akaondoka ameridhika. Mama alishika mkono. Alijua kwa pumzi tu kama kilio kinakuja, na kabla hakijafika alimkandamiza kiganjani kwa dole gumba, kwa nguvu, mpaka mabega ya mtoto yakashuka. Hakuna aliyewafundisha. Waliyapata hayo kidogo kidogo kwenye foleni za hospitali na kwenye sherehe za ndugu, na walijivunia, hasa bibi.

Kwa hiyo habari ya kuonwa na mwalimu mkuu ilipofika, bibi akajipa ukamanda. Mazoezi yalifanyika sebuleni. Bibi alikuwa mwalimu mkuu, baba akawa mlango, mama akawa mama. Walirudia mpaka Mstaafu mwenyewe akawaacha, akaenda kukagua friji.

"Msiniangushe," bibi alisema. "Mtu akija kuangalia nyumba, unafagia kwanza."

Na hawakumwangusha. Siku ile ilikwenda kama maji. Mwalimu mkuu, mwanamke mfupi mwenye raba miguuni, aliwapokea kwenye chumba cha michezo. Mstaafu akaketi. Aliposalimiwa, bibi akawahi kamba za kiatu. Alipopewa vipande vya mbao, mama aliviweka mkononi mwake kwa mpangilio anaoupenda, naye mtoto akavipanga vizuri. Mlio wa kengele ulipokaribia, baba, aliyekuwa amesoma ratiba ukutani, alikohoa, na dole gumba la mama likawa limeshafika. Mtoto alitulia kama maji ya mtungi.

Mwalimu mkuu alikusanya vile vipande vya mbao. "Mmemlea vizuri sana," alisema. "Kwa nilivyoona, anaweza kuanza shule ya kawaida akipata msaada kidogo. Nafasi yangu ni moja. Itabidi nimpe mwenye shida zaidi."

Walitoka nje vifua mbele. Baba alinunua soda kwa wote. Bibi alisimulia mpaka watu wa kituoni wakajua kwamba mjukuu wake amepimwa na wataalamu na hana neno. Fundi alikunywa soda yake kwa mrija, na ilipofika nusu akauondoa mdomoni.

"Tumefaulu mtihani tuliotakiwa kufeli," alisema.

Mume wake aliendelea kucheka kidogo, kisha akaacha. Hakuna aliyemaliza soda isipokuwa Mstaafu, aliyemaliza zote.

Kesho yake fundi alifunga duka mchana akarudi kule peke yake. Mwalimu mkuu alikuwa anafuta meza ndogo.

"Mwalimu, yule uliyemwona jana si mwanangu."

"Ni nani?"

"Ni sisi watatu."

Akamweleza. Alieleza kila kitu, pamoja na shikamoo ya kwenye kamba za kiatu, kwa sauti ileile anayotumia kusoma vipimo, kifua, bega, urefu. Mwalimu mkuu hakucheka, ingawa kwenye shikamoo aligeuka akaangalia dirisha.

"Nafasi naifunga Ijumaa," alisema mwishowe. "Mlete Alhamisi. Uje naye peke yako, na mkishaingia usimguse. Usimsemee. Hata akilia."

"Akijigonga?"

"Nitakuwa karibu mimi. Wewe usimguse. Utaweza?"

"Sijui."

Nyumbani palichimbika. Bibi aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Yaani mtoto apelekwe akaaibike ndiyo apewe shule? Miaka yote namfunika, leo wewe unakwenda kumfunua?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi mimi siendi."

"Hujaitwa, Mama."

Hakuwa amewahi kumjibu mama mkwe wake namna ile. Mume alishika tama, akaangalia rangi kwenye kucha zake. Fundi alingoja ajisikie vibaya, akaona ni yaleyale, hakuna kitu, akaenda kupiga pasi marinda ya watu.

Alhamisi, kwenye chumba kile cha michezo, alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakakaribia kidevu. Mikono haikutaka kukaa mapajani. Mara mbili aliikuta imenyanyuka yenyewe, basi akaitia chini ya mapaja akaikalia.

Mwanzo Mstaafu alikagua dirisha, akakagua kabati. Mwalimu akamsalimia, na salamu ikaanguka chini, hakuna wa kuiokota. Akampa vipande vya mbao bila mpangilio wowote. Mtoto alivitazama, akavisukuma vikamwagika. Pumzi yake ikabadilika. Fundi aliisikia mapema, kama kawaida, na kwa mara ya kwanza hakufanya kitu. Kengele ikalia.

Ukelele uliotoka ulikuwa wa muda mrefu. Alijitupa sakafuni, akaziba masikio, akajing'ata mkono. Mwalimu akateleza kwa magoti, akamwekea mto chini ya kichwa, akabaki hapo. Suruali ya mtoto ikalowa. Ndipo fundi alipoona jambo ambalo mikono yake ilikuwa ikimzuia asilione, kwamba mwanawe anaogopa. Hakuwa na kiburi, wala hakuwa mbali. Alikuwa anaogopa kila siku, kila mahali, na wao kazi yao ilikuwa kuhakikisha hakuna anayejua.

"Hapa ungefanyaje?" mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ningekuwa nimeshafanya," fundi alisema. "Kabla ya kengele."

"Na yeye akikutaka, anakuitaje?"

Fundi alirudi nyuma kwenye kumbukumbu. Alitafuta. Kwa vile maji huletwa kabla ya kiu na kiganja hukandamizwa kabla ya kilio, hakukumbuka hata siku moja ambayo mwanawe alilazimika kumtaka.

"Haniiti," alisema.

Kilio kikaendelea, kikapungua, kikarudi, kikapungua tena. Halafu Mstaafu akainuka, suruali imemganda, kamasi mpaka kidevuni. Alisimama katikati ya chumba akageuka huku na huku. Alimtazama mwalimu, akampita. Akaja mpaka kwenye kiti. Hakumtazama mama yake usoni. Aliinama, akapenyeza vidole chini ya paja lake, akavuta. Mkono ulikuwa umekaliwa na mama mzima, haukutoka. Akavuta tena, kwa nguvu, akiguna.

"Mwalimu?" fundi alisema.

"Sasa mpe. Amekuomba."

Akainua paja. Mtoto akauchukua mkono, akalitafuta dole gumba katikati ya vidole vingine, akaliweka mwenyewe kiganjani mwake.

Mwalimu mkuu alikuwa bado amepiga magoti. "Aje Jumatatu," alisema. "Suruali za akiba alete mbili. Na wewe utaishia getini."

Fundi alisema asante. Alimbadilisha mtoto nguo, akaokota vipande vya mbao mpaka akaambiwa aviache, akasahau mkoba, akarudi kuuchukua.

Bibi, aliyesema haendi, alikuwa amekaa barazani tangu walipoondoka, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Mstaafu alimpita, mikono nyuma, akaingia ndani.

"Alitulia?"

"Hakutulia, Mama. Alilia, akajikojolea, akamwaga kila kitu."

Bibi akafumba macho. "Basi imekwisha. Tumekosa."

"Tumepata. Anaanza Jumatatu." Fundi akashusha mkoba. "Na aliniomba mkono."

"Alikuombaje, na hasemi?"

"Aliuvuta."

"Aliuvutaje? Nionyeshe."

Fundi akakaa kwenye kigoda mbele ya mama mkwe wake, akatia mikono chini ya mapaja ili amwonyeshe. Alikusudia kueleza, mtoto alitokea huku, akainama hivi. Lakini mara tu alipoikalia ile mikono, yale maumivu aliyoyasubiri kwa daktari, na kwa mwalimu yule kijana, na kwenye chumba cha televisheni, yakaja yote kwa mkupuo, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na wapita njia wakasimama. Bibi hakuwajibu. Alishuka kwenye kiti chake, akapiga magoti kwa shida, akaanza kuitoa ile mikono, mmoja, kisha wa pili.